Mcheza Kwao Hutuzwa

Methali isemayo kwamba mcheza kwao hutuzwa hutamkwa kwa namna mbili. Wengine husema hutuzwa, na wengine hutunzwa. Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu kwamba tofauti hiyo ni ya sauti tu, konsonanti moja iliyozidi au iliyopungua, na kwamba maana ya methali haibadiliki. Nilikuwa nikisema hivyo kwa uhakika wa mtu ambaye hajajaribiwa. Mwaka juzi, hapa Mkuza, N hiyo moja ilininyima usingizi kwa siku nane, na insha hii ni maungamo yangu juu ya jambo hilo.

Nakaa Mkuza, Kibaha, jirani na barabara iendayo Morogoro. Nyuma ya nyumba yangu ni ua wa mjomba wangu, na katika ua huo pana mwembe mkubwa. Kila Jumapili alasiri wazee watano hukaa chini yake wakaongea. Mpita njia atadhani ni wazee wa baraza wangojeao jua lipungue. La, ni bendi. Mjomba alipiga gitaa la solo, wa pili besi, wa tatu tumba, wa nne tarumbeta, na wa tano alikuwa mwimbaji. Katika ujana wao walijaza kumbi, na mama yangu husimulia kwamba alipata kuuza kanga mbili mpya ili apate kiingilio. Bendi ilikuwa mali ya shirika moja la umma. Shirika lilipodhoofika, katika miaka ya mwisho ya themanini, lilikusanya ala zake na kuzifungia ghalani, na wanamuziki wakarudi makwao mikono mitupu. Gitaa ambalo mjomba alilipiga kwa miaka kumi na mitatu halikupata kuwa lake hata siku moja.

Msomaji asistaajabu, maana hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya nchi. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya umoja wa wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, iliingia mikononi mwa Shirika la Maendeleo ya Dar es Salaam mwaka 1983. Polisi walikuwa na bendi yao, na jeshi vile vile. Mwajiri alinunua ala, akalipa mishahara, akawa mwenye mali. Desturi hiyo ilikuwa na heri yake, kwa sababu ilimpa mpiga gitaa mshahara wa mwezi, jambo ambalo wasanii wengi duniani hawajapata kuliona. Walakini mtambaa ulioshika ukuta huanguka siku ukuta uangukapo.

Kabla ya desturi hiyo palikuwa na nyingine ya zamani zaidi. Ikhwani Safaa ya Unguja, iliyoanzishwa mwaka 1905, ilikuwa chama cha wanachama. Hata leo, katika taarabu, mpenzi wa wimbo huinuka kitini, akaenda mbele kwa mwendo wa kucheza, akamtuza mwimbaji noti mbele ya macho ya watu. Kwa hiyo niliposoma kwamba bendi ya Uingereza iitwayo Marillion iliwaomba wapenzi wake wanunue albamu ambayo haijarekodiwa bado, na kwamba watu zaidi ya 12,000 waliitika, albamu ikatoka mwaka 2001, sikuona ugeni mkubwa. Wala sikuuona kwa Five Iron Frenzy wa Denver, Marekani, waliotengana mwaka 2003 wakarudiana mwaka 2011. Hao waliomba dola 30,000, wakapewa zaidi ya 200,000, na albamu yao ya marejeo ikatoka mwaka 2013. Muziki wao ni panki iliyochanganywa na ska, wenye magitaa ya kishindo na tarumbeta juu yake, na sikio langu halikulelewa nao. Lakini kisa chao nilikielewa mara moja. Kilikuwa kisa cha mwembe wa mjomba.

Shauri la kurekodi upya lilitolewa na mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke, ambaye alisimama mbele ya wazee siku ya Idi akasema, "Ninyi mtakufa na nyimbo zetu." Hakusema nyimbo zenu. Wazee walicheka, kisha wakanyamaza. Mwimbaji akawakumbusha Shikamoo Jazz, bendi ya wakongwe iliyoundwa Dar es Salaam mwaka 1993 kwa msaada wa HelpAge International, ambayo Bi Kidude na Fundi Konde walipata kuimba nayo, na ambayo mwaka 1995 ilikwenda kupiga Uingereza. Ikiwa wale waliweza, kwa nini hawa wasiweze?

Sisi hatuhitaji kufundishwa kuchanga. Kila harusi ni chuo. Iliundwa kamati, likafunguliwa daftari la ahadi, nami nikawekwa kuwa mweka hazina kwa sababu naitwa daktari. Watu 63 walichanga kwa muda wa miezi mitano. Wengine walitoa shilingi 2,000, na mmoja alitoa 100,000. Fedha zilitosha siku tatu za studio na kukodi ala.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe, mzee wa besi alipatwa na kiharusi. Usiku wa pili wanawe walinijia mlangoni. Walitaka fedha za matibabu, nazo zilikuwapo, ndani ya simu iliyokuwa mfukoni mwangu. Niliwapa nilichokuwa nacho mwenyewe, ambacho hakikuwa kingi, na zile nyingine nikakataa kuzitoa. Niliwaambia kwamba si zangu na kwamba nitawauliza wenyewe.

Nilikuwa na hoja zangu. Nilikuwa nimesoma habari za PledgeMusic, kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikishika fedha za wapenzi kwa niaba ya wanamuziki, ikafilisika mwaka 2019, na wanamuziki wengi hawakupata walichochangiwa. Nilijua kwamba amana haivunjwi siku ya uovu tu. Aghalabu huvunjwa siku ya wema, kwa sababu nzuri, na mtu mwenye huruma. Na akiisha kuivunja mara moja, njia hubaki wazi kwa asiye na huruma. Hoja hizo nazishika hata leo. Lakini hoja haimshiki mkono mgonjwa.

Kwa siku nane nilimtafuta kila mchangiaji, mmoja mmoja. Mjomba hakunisemesha ila mara moja. "Daktari wa maneno," alisema, "maneno yako yatamfaa nini huyu leo?" Sikuwa na jibu. Watu 61 walikubali. Wawili walikataa, na mmoja wao alinena waziwazi, "Nilichangia wimbo, sikuchangia hospitali." Watu walimlaumu, mimi sikuweza. Alikuwa na haki, na haki yake niliiona ikiwa baridi kama yangu. Wote wawili niliwarudishia fedha zao, na zilizobaki nikawapelekea wana wa mgonjwa.

Mzee alipona, ila mkono wa kushoto haukurudi, nao ndio ubanao nyuzi za besi. Tabibu aliniambia kwamba katika maradhi yale saa za kwanza ndizo zenye uzito, na kwamba siku zangu nane huenda hazikubadili kitu. Neno "huenda" nimelifundisha maisha yangu yote. Sikujua kwamba ni refu kiasi hicho.

Nilikwenda kumtaka radhi. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu." Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, maana ulimi ulikuwa bado mzito, "Ungezitoa usiku ule, labda ningekuwa na mkono. Lakini nisingeweza kukaa chini ya mwembe." Nimeyatafakari maneno hayo mara nyingi. Sijui kama yalikuwa msamaha au hukumu, na sikuthubutu kumwuliza.

Tulichanga tena. Safari hii zilipatikana fedha za siku moja tu, na nyimbo nne badala ya kumi. Yule aliyesema hakuchangia hospitali alileta kiasi kile kile nilichomrudishia, wala hakusema neno. Besi ilipigwa na mjukuu wa mzee, kijana wa miaka ishirini, na mzee mwenyewe aliketi kando yake akimgongea mapigo sakafuni kwa mguu wa kulia. Fundi mitambo alitaka kuiondoa sauti ya mguu ule. Mjomba alimwambia kwamba akiiondoa, na aondoe na gitaa lake.

Baadhi ya wachangiaji hawakuridhika. Walisema nyimbo si zile, mwimbaji amezeeka, na besi ni ya kitoto. Ni kweli. Walitoa fedha wakidhani wananunua ujana wao, na ujana hauko katika studio yoyote, Denver wala Dar es Salaam. Mama yangu alisikiliza nyimbo zote nne kimya. Kisha akaomba arudiziwe wa pili, ule ambao mguu unasikika zaidi.

Kamusi zetu huyaweka maneno tuza na tunza karibu karibu, na mimi siyatengi kwa ubishi. Kutuza ni kumpa mtu kwa ajili ya alilofanya. Kutunza ni kumshika kwa ajili ya alivyo, hata siku asipoweza kufanya tena. Watu wetu walitoa fedha za kutuza, wakaulizwa kama ziwe za kutunza, na karibu wote walijibu ndiyo pasipo kungoja nimalize swali. Mtu wa kwanza kabisa niliyemwuliza, yule mwalimu mstaafu, alinijibu kwa mshangao, "Kwani wewe ulidhani ni vitu viwili?"

Mwaka huu methali hiyo imo tena katika somo langu. Nimekwisha futa katika daftari sentensi isemayo kwamba N ile si kitu. Mahali pake bado ni peupe.