Swali Lililokuwa Nje ya Silabasi

Kwenye field ya mwaka jana nilipangiwa shule moja ya kata, nikapewa Baiolojia kidato cha pili. Siku hiyo mada ilikuwa bakteria. Nilijipanga kisawasawa: andalio la somo lipo, chati nimechora mwenyewe kwenye manila, mhadhiri wa kunikagua kakaa nyuma na fomu zake.

Katikati ya kipindi binti mmoja akanyoosha mkono, akaomba aulize kwa Kiswahili. "Mwalimu, umesema bakteria ni adui na mwili una askari wa kuwaua. Halafu umesema tumboni wamejaa kibao. Sasa hao askari hawawaoni?"

Sikuwa na jibu. Nikamwangalia mhadhiri, nikaangalia saa, nikasema: "Hilo halipo kwenye silabasi. Kaa chini." Darasa likacheka. Binti akakaa. Alama za ukaguzi nilipata nzuri tu, lakini kwa wiki zote zilizobaki sikuuona tena ule mkono.

Niliporudi chuo swali lilikuja na mimi. Madesa ya kinga ya mwili tuliyokuwa tunakaririshana hayakulijibu. Nikaanza kusoma nje ya madesa, bando likiisha nahamia maktaba, ndipo nikakutana na habari za Ruslan Medzhitov.

Huyu bwana alizaliwa Tashkent, Uzbekistan, mwaka 1966. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 alikuwa anasoma uzamivu Moscow. Muungano wa Kisovieti ulikuwa umesambaratika na maktaba hazina hela ya majarida. Akaipata makala moja ya mwaka 1989 ya Charles Janeway, profesa wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Akaitoa kopi kwa sehemu kubwa ya posho yake ya mwezi. Wenzangu, tujiulize: nani kati yetu boom likiingia anakimbilia kutoa kopi ya makala ambayo haipo kwenye mtihani?

Janeway alikuwa anauliza swali linalofanana na la yule binti: kinga ya mwili inajuaje kwamba kilichoingia ni kijidudu? Alihisi kwamba seli zetu zina vipokezi maalumu vya kutambua alama ambazo vijidudu vingi huwa nazo. Mimi nimelielewa hili kwa mfano wa konda wa daladala. Konda hamjui mwanafunzi kwa jina wala kwa sura. Anaona sare, anajua huyu ni wa nauli ya mwanafunzi. Kipokezi nacho hakimjui bakteria mmoja mmoja, kinatambua sare.

Wakati huo wazo hilo halikuwa na ushahidi. Medzhitov akamwandikia Janeway barua pepe, wakaandikiana, na mwaka 1994 akaingia maabara yake. Mwaka 1996 kundi la Jules Hoffmann kule Strasbourg, Ufaransa, likaonyesha kwamba nzi wa matunda wasio na kipokezi kiitwacho Toll wanauawa na kuvu. Mwaka 1997 Medzhitov na Janeway wakatangaza kwamba binadamu naye ana kipokezi cha ukoo huo, na kwamba kikiwashwa kinaamsha kinga. Mwaka uliofuata Bruce Beutler akaonyesha kipokezi hicho kinatambua nini: mafuta yenye sukari yaliyo kwenye ganda la nje la baadhi ya bakteria.

Hapo ndipo swali la binti linapokuwa gumu kweli, maana bakteria wema wa utumboni wanavaa sare ileile ya wabaya.

Jibu lilianza kuonekana mwaka 2004. Medzhitov na wenzake walichukua panya, wakawapa kemikali inayochubua utumbo mpana. Panya wa kawaida waliugua, lakini wengi walihimili. Panya ambao vipokezi vyao haviwezi kupeleka ujumbe waliumia vibaya, wakafa. Hata wale waliouliwa bakteria wao kwa antibayotiki wakaishia hivyohivyo. Kumbe askari wanawaona bakteria kila siku, na huko kuonana ndiko kunakouambia utumbo ujikarabati.

Ningeishia hapo ningekuwa na hadithi tamu ya kumpelekea binti. Lakini mwaka 2007 maabara hiyohiyo ilitumia panya wenye hitilafu ya jeni inayowaotesha uvimbe mwingi utumboni. Walipoondoa MyD88, protini inayopokea ujumbe wa vipokezi hivi ndani ya seli, uvimbe ulipungua. Maana yake ujumbe uleule unaosema "jenga, ziba kidonda" unaweza kuisaidia saratani ikue. Mchochota, yaani ule wekundu, joto na kuvimba kwa sehemu iliyoumia, ni kazi ya ukarabati. Usipokoma, seli zinaendelea kuhimizwa zigawanyike, na hapo saratani inapata nafasi. Ndiyo maana mtu mwenye mchochota wa miaka mingi kwenye utumbo mpana hupimwa mara kwa mara.

Mimi chati yangu ya manila ilikuwa na pande mbili, adui na askari, na mstari mwekundu katikati. Niliichora hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Binti aliona kasoro yake kwa dakika kumi. Mimi nimehitaji muhula mzima.

Janeway alifariki mwaka 2003, kabla ya majaribio hayo ya panya kutangazwa. Nobeli ya 2011 walipewa Hoffmann, Beutler na Ralph Steinman. Medzhitov hakuwemo, na wanasayansi wengi walilalamika hadharani.

Wiki iliyopita nimeandika jibu kurasa mbili, kwa Kiswahili, bila chati. Juu kabisa nimeandika: "Swali lako lilikuwa sahihi. Nilikukalisha kwa sababu sikujua." Nimepiga picha nikamtumia mwalimu aliyenipokea, nikamwomba amfikishie. Sasa yuko kidato cha tatu, mwaka wa kuchagua michepuo. Mwalimu amenijibu: "Nitampa. Ila huyo ameshachagua masomo ya sanaa."

Nimemwomba ampe hivyohivyo.