Chumba cha Chini cha Martin Hall

Harufu nzuri iinukayo ardhini mvua ya kwanza inaponyesha hutokana na viumbe wadogo mno waishio udongoni, wanaoozesha majani makavu yakawa mboji. Katika jamaa ya viumbe hao ndimo ilimopatikana dawa ya kwanza iliyokishinda kifua kikuu, na mahali ilipopatikana hapakuwa pa fahari.

Katika mji wa New Brunswick, jimbo la New Jersey, nchini Marekani, kipo chuo kikuu cha Rutgers, na upande wake wa kilimo limesimama jengo liitwalo Martin Hall. Orofa ya juu ilikuwa maabara ya mwalimu Selman Waksman, bingwa wa elimu ya udongo. Chini ya ardhi alifanya kazi mwanafunzi wake, Albert Schatz, kijana wa miaka 23, mtoto wa mkulima. Viini hai vya kifua kikuu alivyovijaribu vilikaa huko chini, maana viliogopwa.

Kazi yenyewe ni ya subira. Udongo kidogo hukorogwa majini, maji yakazimuliwa tena na tena, kisha tone moja hupakwa katika sahani ya kioo yenye rojo la mwani. Baada ya siku chache huchipuka madoa, kila doa ukoo wake. Doa moja hupandwa kwa mstari, na viini vya maradhi huchorwa kuukingama. Vikikoma kabla ya kuufikia, yamkini doa lile latoa kitu cha kuviua.

Oktoba 1943 Schatz alipata koo mbili za kijidudu kimoja: moja katika udongo wa shamba lenye samadi, nyingine kooni mwa kuku. Dawa yake, streptomaisini, ilitangazwa Januari 1944. Kifua kikuu, ambacho penisilini haikukiweza, kikapata mshindani. Na hata hospitali za Afrika Mashariki zilidunga sindano yake miaka mingi.

Lakini sifa zilimwendea mwalimu. Mwaka 1950 Schatz alikwenda mahakamani, na mapatano yakamtambua kuwa mshirika katika uvumbuzi. Hata hivyo, tuzo ya Nobel ya 1952 alipewa Waksman peke yake. Rutgers ilimtunukia Schatz nishani mwaka 1994, naye amekwisha kuwa mzee.

Basi, enyi vijana, msiudharau udongo mnaoukanyaga. Nanyi mlio walimu, mnapohesabu mavuno, mkumbukeni na aliyeshika jembe.