Bunduki ya Pongo Si Bunduki ya Kiboko

Watu wengi wa Mwanza hupita Pasiansi wakiwahi ndege bila kujua kwamba pale, tangu mwaka 1966, vijana hufundishwa kulinda wanyamapori na, inapobidi, kuwaua. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliingia hapo kijana mmoja kutoka Ukerewe akiwa na sanduku la bati na ujuzi wa gobole la mjomba wake. Kijana huyo ndiye mwandishi wa makala haya. Anajitaja kwa mbali kwa sababu maisha yake yote ya kazi aliandika hivyo: "Askari alifika eneo la tukio saa 12 asubuhi." Ripoti za serikali hazina "mimi", na mkono ukishazoea haubadiliki uzeeni.

Gobole lile lilijazwa kwa mdomoni: baruti, kitambaa, kisha kipande cha nondo kilichokatwa kwa msumeno. Mjomba hakulifyatua mpaka mnyama awe karibu kiasi cha kuhesabika kope. Majirani zake hawakuwa na subira hiyo. Ndiyo maana kijana, kabla hajashika bunduki ya serikali, alikuwa ameshaona pongo aliyechunwa na kukutwa na kipande cha nondo cha zamani ndani ya paja, kimezungukwa na usaha mkavu. Mnyama yule alikuwa ametembea na chuma hicho kwa misimu kadhaa.

Ghala la silaha alilolikuta kazini lilikuwa kama duka la mitumba, kila kitu kimo ila saizi yako. Kulikuwa na .303 za Waingereza ambazo vitako vyake vilikuwa vimefungwa waya. Kulikuwa na .404 za kampuni ya Jeffery ya London, urithi wa idara ya wanyamapori ya enzi za Tanganyika. Kulikuwa na .458 za Kimarekani kwa ajili ya tembo, nyati na viboko, na zile bunduki za kijeshi, SMG na SAR, ambazo kila mtu aliyepita mgambo anazijua. Namba hizo tatu mbele ya bunduki zinataja kipenyo cha risasi au cha mtutu kwa sehemu za inchi. Haziahidi kingine chochote, ingawa wapo wanaume wanaozitamka kama wanataja ukoo wa kifalme.

Swali la ni bunduki gani inayomstahili mnyama gani lilimjia askari huyu kupitia wageni. Sheria ya Tanzania inataka mgeni anayewinda kwa leseni aambatane na askari wa wanyamapori, na kwa miaka mingi yeye alikuwa askari huyo, hasa upande wa Maswa, mpakani na Serengeti. Wageni wengi walitoka Ulaya na Marekani, ambako kwao huwinda kulungu. Nchi yetu haina kulungu wa aina ile wenye pembe zinazoanguka kila mwaka. Huku kuna pongo, swala, tohe, nyamera na kongoni, na kwenye mafunjo ya Rubondo kuna nzohe, ambaye akifukuzwa huzama majini akaacha pua tu. Nzohe huyo yuko ndani ya hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977, hivyo hapigwi risasi na mtu. Hao wengine, kwa uzito na umbo, wanalingana vizuri na kulungu wa wageni, na waliyoyajadili wazungu kuhusu kulungu yanatufaa kabisa.

England na Wales, kwa mfano, hazikuliacha jambo hili kwa hiari ya mwindaji. Sheria yao ya kulungu ya mwaka 1991 inakataza bunduki yenye kipenyo chini ya inchi 0.240 au nguvu chini ya futi-pauni 1,700, ambazo ni kama jouli 2,300. Aina mbili tu za kulungu wadogo ndizo zilizolegezewa masharti baadaye. Sasa chukua SMG. Risasi yake ina uzito wa gramu 8 hivi, hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 715 kwa sekunde, na nguvu yake ni takriban jouli 2,000. Kwa kipimo cha Waingereza, silaha inayoogopwa kuliko zote katika mapori yetu haitoshi kumpiga kulungu. Majangili hawasomi sheria za Waingereza, lakini askari huyu ameona matokeo: damu iliyotapakaa kilomita baada ya kilomita, na mwishoni tai.

Sheria hiyo ina sharti la pili, ambalo kwa maoni ya askari huyu ndilo zito zaidi. Risasi lazima iwe na ncha laini au yenye tundu, ili ikiingia mwilini ipanuke kama uyoga. Hapa dunia imejipinda kwa namna ya kushangaza. Mwaka 1899, kwenye mkutano wa The Hague, mataifa yalikubaliana kupiga marufuku vitani risasi za kupanuka, zile zilizopata jina kutokana na kiwanda cha Dum Dum karibu na Calcutta, kwa sababu majeraha yake ni ya kikatili mno kwa binadamu. Kwa mnyama mambo ni kinyume. Risasi ya kijeshi, iliyovikwa shaba mwili mzima, mara nyingi hupita mwilini mwa swala na kuacha tundu jembamba, na swala huyo hukimbia nalo hadi kesho. Askari wa vitani akijeruhiwa, yupo wa kumbeba kumpeleka hospitali. Pongo hana machela.

Kwa hiyo mjadala wa kipenyo peke yake ni nusu ya mjadala. Katika ghala lile .303 ilikuwa na nguvu ya kutosha, kama jouli 3,100, ila mara nyingi risasi zilizoletwa zilikuwa za kijeshi. Askari alipozikuta za ncha laini alizitenga kwenye mfuko wa shati, kifua cha kulia, na hakumwazima mtu.

Kisa kimoja cha Maswa kinaeleza mengine. Mgeni mmoja, mtu mwenye heshima zake na bunduki ya bei ya nyumba, alikuja na .458 mpya kabisa. Risasi ya bunduki hiyo ina gramu 32 na hutoka na nguvu inayopita jouli 6,500. Alitaka kuizoea kabla ya siku ya nyati, hivyo akaamua kumpiga nayo nyamera aliyesimama ubavu, mita kama 120. Bunduki ikalia, nyamera akajikunja mgongo na kuondoka. Mgeni akasema amempata. Kweli alikuwa amempata.

Askari alipofika pale aliposimama mnyama, alipiga goti. Damu ya mapafu ni nyekundu yenye kung'aa, ina mapovu madogomadogo kama ya sabuni, na anayeiona huweza kutembea taratibu akijua mnyama yuko mbele karibu. Damu ya ini ni nzito, nyeusi-nyeusi. Juu ya majani yale hakukuwa na moja wala nyingine. Kulikuwa na matone machache ya rangi ya chai na punje za majani mabichi yaliyotafunwa, yenye harufu ya zizi. Tumbo. Bunduki yenye nguvu karibu mara tatu ya kile sheria ya Waingereza inachodai ilikuwa imempasua mnyama utumbo na kumwacha na miguu yote minne.

Walikaa kivulini kwanza, kwa sababu mnyama wa tumbo akifukuzwa mapema huenda asilale chini mpaka jua lizame. Kisha wakafuata nyayo. Jua lilikuwa la utosi walipomkuta amelala kichakani, kichwa juu, akiwatazama. Mgeni alilipa ada ya mnyama, kama ambavyo angelipa hata asingepatikana, maana kwa utaratibu wetu aliyejeruhiwa amehesabiwa ameuawa. Kesho yake aliombwa kwa upole atumie .30-06 iliyokuwa kambini. Kongoni wake alianguka baada ya hatua chache, na mapafu yote mawili yalikuwa kama maini yaliyosagwa.

Tofauti haikuwa ndani ya risasi, ilikuwa begani. Bunduki ya .458 hupiga teke takriban mara tatu ya .30-06, na mwili wa mtu una akili yake: ukishaumizwa mara moja, mara ya pili unafumba macho na kukaza mkono kabla kifyatulio hakijakata. Mtutu unayumba kidogo tu, na mita mia moja mbele kosa hilo limekuwa tumbo badala ya moyo. Dawa yake aliijua tangu ujana. Mkufunzi huchanganya risasi nzima na maganda matupu bila kumwambia mwanafunzi. Ikija zamu ya ganda tupu, bunduki haitoi mlio, na kila mtu uwanjani anaona jinsi mtutu ulivyoruka kwa woga. Hakuna kiburi kinachovuka zoezi hilo.

Lakini mtu asije akatoka hapa akidhani bunduki ndogo ni ya wenye adabu. Wapenda vipenyo vidogo humtaja kila mara Mskoti W. D. M. Bell, yule wa Karamoja nchini Uganda, aliyeua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 ambayo leo tungeiita ya swala. Husahau kueleza kwamba Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo umekaa wapi kwa kila pembe ya kutazamia, na kwamba alitumia risasi ngumu zisizopanuka, ambazo hazipindi njia. Alikuwa fundi wa pekee katika zama ambazo hakuna aliyemhoji. Siku hizi kanuni za uwindaji wa kitalii Tanzania zinadai .375 kama kiwango cha chini kwa wanyama wa hatari, na zinadai kwa haki. Bunduki hiyo ilitolewa na Holland & Holland mwaka 1912 na mpaka sasa, mtu akilazimika kumiliki moja tu kwa pori zima, ndiyo hiyo.

Ziwani somo lilikuja kwa sura nyingine. Kando ya Ghuba ya Speke viboko hutoka usiku kula mpunga, na wakati mwingine hukutana na mtu njiani alfajiri. Kijiji kimoja cha Ukerewe kilimpokea askari huyu kwa makelele ya furaha kwa sababu kiboko alikuwa ameshaua mvuvi. Mama mmoja mwenye shamba akamsogelea.

"Shikamoo, Bwana Nyama."

"Marahaba, mama. Amelala wapi?"

"Pale penye mitumbwi. Baba, mbona hupigi sasa hivi? Si unamwona?"

Alimwona. Macho, masikio na pua juu ya maji, na ubongo uliokaa katikati ya macho na masikio, mdogo kwa kichwa kikubwa kiasi kile. Pale inatakiwa risasi ngumu ya .458 au .375, kwa sababu ya ncha laini ingeweza kupanuka juu ya mfupa na kumwacha kiboko mwenye hasira miongoni mwa watu. Ila risasi ngumu ikigusa maji kwa pembe ndogo haizami, huruka kama jiwe la mtoto, na nyuma ya kiboko yule kulikuwa na mitumbwi miwili ikivuta nyavu za dagaa. Askari alisubiri mpaka mitumbwi ikaitwa pwani. Mama alilalamika muda wote, na alikuwa na haki yake, kwani mpunga ulikuwa wake. Risasi ilipolia, kiboko alizama palepale. Mzoga ulielea baadaye, gesi ilipojaa tumboni, na nyama ikagawiwa.

Tangu siku hiyo, kila alipoulizwa kuhusu kipenyo, aliuliza kwanza: nyuma ya mnyama kuna nini? Risasi ya .30-06 huweza kusafiri kilomita kadhaa isipogonga kitu, na ufukwe wa Ziwa Victoria una watu kila mahali.

Jambo moja halikuwemo katika mafunzo ya kizazi chake. Risasi ya ncha laini yenye madini ya risasi ndani huacha vipande vidogo sana kwenye nyama na utumbo, na tai wakila hudhurika. California ilikataza risasi hizo kwa uwindaji wote kuanzia Julai 2019, kwa sababu ya tai wao wakubwa walio hatarini. Risasi za shaba tupu zinapanuka vilevile na hazimwagi sumu. Ni ghali, na huku kwetu hazipatikani kirahisi, lakini anayeweza kuzipata azinunue, hasa kama nyama itapikiwa watoto.

Wajukuu na vijana wa kazini humtaka ataje namba moja. Kwa pongo, swala, tohe na nyamera, anataja .30-06 au milimita 7, risasi ya ncha laini au ya shaba ya gramu 9 hadi 12, mnyama amesimama ubavu, umbali usiozidi mita 100, wala si usiku wala kutoka juu ya gari, mambo ambayo sheria nayo inayakataza. Kwa nyati na kiboko, .375 kwenda juu. Mwenye leseni ambaye bunduki yake ni .458, basi aende nayo kwa nyati, na swala amwachie mwenzake.

Na kabla ya msimu kufunguliwa tarehe 1 Julai, kila mwenye leseni apige risasi zake kwenye karatasi akiwa amekaa chini, bila meza wala mifuko ya mchanga, mita 100. Zisipoingia zote ndani ya duara la sahani ya chai, mwaka huo asiwinde.