Muhtasari wa Mkutano

Katika siku za ukarani wangu niliandika mihtasari mingi ya mikutano ya ardhi, na mmoja niliuandika vibaya. Mzee mmoja wa upande wa mashariki wa Mlima Meru alisimama akaeleza mahali ng'ombe wa babu zake walipokuwa wakinywa maji. Nikayaona maneno yake kuwa hadithi tu, nikaandika: "Wananchi walitoa maoni." Mpaka wa msitu ulipokuja kujadiliwa ofisini, chemchemi yake haikutajwa na mtu. Hata leo naona haya.

Haya ni makubwa zaidi kwa kuwa bibi yangu alikuwa miongoni mwa waliofukuzwa Engare Nanyuki. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya Mwingereza iliwaondoa huko Wameru wapatao 3,000, ili malisho yale wapewe walowezi wa kizungu. Nyumba zilichomwa moto. Bibi hakupenda kuusimulia moto huo. Alisimulia jiwe lake la kusagia lililobaki huko.

Wameru hawakushika mikuki. Walichanga fedha zao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York, yeye na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyekuwa akifanya kazi Moshi. Walisimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, kwa hiyo Mwingereza alikuwa na mahali pa kuulizwa aliyoyatenda. Mimi huustaajabia werevu wa wazee wale: waliutafuta mlango uliokuwa juu ya gavana, wakabisha hodi. Katika Baraza Kuu hoja yao haikupata theluthi mbili za kura, na ardhi haikurudishwa. Lakini habari zilienea nchini, na TANU ilipozaliwa mwaka 1954 ilikuta masikio yaliyokwisha kuzibuliwa.

Mwanafunzi aendaye leo katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha huonyeshwa nyati na twiga, na ni vyema. Na aulize pia, kando ya mlima, nani alichungia wapi.

Tangu mkutano ule niliandika maneno ya wazee yote, na majina ya mito kama walivyoyatamka. Mkubwa wangu mmoja alilalamika kwamba mihtasari yangu ina kurasa nyingi mno. Nilimwomba radhi, kisha nikazipiga chapa zote.