Mbabula moja, chakula na zebaki

Karibu na mgodi mmoja wa dhahabu, Kivu ya Kusini, mama mmoja aliyekimbia vita anapanga chumba kwa mchimbaji. Kila jioni mwenye nyumba huweka kwenye mbabula donge la dhahabu lililochanganywa na zebaki. Zebaki huondoka kwa mvuke, dhahabu hubaki. Kisha mama hupikia watoto kwenye mbabula ile ile. Ana mimba ya miezi sita.

Mvuke huo ukivutwa huingia katika damu, na damu humfikishia mtoto tumboni. Huko Minamata, Japani, ugonjwa uliotambuliwa mwaka 1956 ulitokana na zebaki ya kiwanda iliyoingia katika samaki. Akina mama walioonekana wazima walizaa watoto walemavu. Mkataba wa kimataifa wa zebaki ukapewa jina la mji huo, ukaanza kutumika mwaka 2017. Unazitaka serikali za nchi wanachama zenye wachimbaji wadogo wengi zichukue hatua za kukomesha uchomaji huo kwenye makazi ya watu, na kuwakinga wajawazito na watoto.

Lakini katika ua ule hakuna aliyefika kusema hayo. Mama aliogopa kusema, maana anadaiwa kodi ya miezi miwili. Juma lililopita alijikaza: “Baba, si kwa ajili yangu. Ni kwa huyu.”

Mzee alinyamaza. Kesho yake alibeba donge lake, akaenda kuchomea mbali na nyumba.

Jirani bado anachomea jikoni.