Kicheko Kinachonisuta
Mwaka wa 1985, mfumo wa 8-4-4 ulikifanya Kiswahili somo la lazima lenye mtihani. Kwetu Khayega tulizungumza Kiisukha tu. Aliyenifunza Kiswahili ni dada yangu, aliyeachishwa shule ili karo yangu ipatikane. Aliuza ndizi sokoni, kando ya barabara iendayo Kisumu. Jioni akinisahihisha ngeli asizozijua kwa jina.

Elimu ya msingi ilipotolewa bila malipo mwaka wa 2003, kitindamimba wake aliandikishwa darasa la kwanza. Dada aliniuliza iwapo naye angepokelewa. Nilicheka, yeye hakucheka. Mwaka uliofuata, Mzee Kimani Maruge alianza darasa la kwanza mjini Eldoret, akiwa na miaka 84. Waama, niliona haya.