Bibi Ametoka Kwenye Simu

Kwa miezi 23 mjukuu wangu alinijua kama uso ulio ndani ya simu. Aliposimama dede niliona humo, na alipopiga hatua ya kwanza nilipiga vigelegele barazani kwangu Pangani hadi majirani wakaja kuuliza kuna harusi gani. Kwa hiyo nilipopanda ndege kwa mara ya kwanza maishani, Dar hadi Dubai, Dubai hadi Hamburg, sikuwa na hamu ya majumba ya Ujerumani. Nilitaka kumpakata.

Uwanjani alinitazama, hakucheka. Akautumbukiza mkono kwenye mkoba wa mama yake, akatoa simu, akaikagua. Nyeusi tupu. "Bibi?" akaiuliza. Nikachuchumaa palepale na koti langu zito, nikamwambia, "Bibi ametoka, mume wangu." Akajificha nyuma ya miguu ya baba yake, na hakunipa mkono hadi kesho yake.

Usiku ule ndipo nilipotambua kuwa nimefika mbali. Kwetu adhana ya magharibi ikilia, kuku na watoto wote wanajua ni wakati wa kuingia ndani. Hapa ilikuwa mwezi Juni, saa tatu na nusu usiku, na jua bado liko dirishani kama alasiri ya Pangani! Mtoto kaogeshwa, mapazia mazito yameshushwa, naye anapinga kwa lugha mbili: "Taki! Nein!" Alipolala, mimi bado nilikuwa nimekaa kwenye mswala nasubiri jua lizame. Lilizama karibu saa nne.

Asubuhi akaja mbio hadi kitandani kwangu. "Moin!" Hiyo ndiyo salamu ya watu wa huku, asubuhi, mchana na jioni, kwa mtoto na kwa mzee sawasawa. Nilijibu, lakini moyo ulinisinyaa. Nilikuwa nimesafiri kote huko nikiisikia shikamoo masikioni. "Mpe muda, mama," mwanangu akasema. Yeye humsemesha Kiswahili tu, mkwe wangu Kijerumani tu. Ndivyo walivyokubaliana tangu mtoto azaliwe.

Mezani alisukuma sahani na kutangaza, "Mefertig!" Fertig ni kumaliza, kuwa tayari. Mtoto kaichukua "-me-" yetu akaivisha neno lao. Nilicheka hadi machozi, kisha nikaingiwa na hofu. Nyumbani niliambiwa kuwa lugha mbili humchelewesha mtoto, nami niliamini.

Siku ya nne tulimpeleka kwa daktari. Wana daftari la manjano kama kadi yetu ya kliniki, linalomfuata mtoto tangu kuzaliwa. Daktari akauliza ana maneno mangapi, maana kwenye miaka miwili hutarajiwa yafike kama 50. Mwanangu akaanza kuhesabu ya Kijerumani. Daktari akamkatiza: hesabu yote, ya lugha zote mbili. Usiku ule nilihesabu ya kwetu mwenyewe kwa vidole: maji, uji, paka, kiatu, taki, toka... nikafika 31 kabla ya kugusa hata moja la baba yake. Nililala usingizi mzito.

Jumamosi tukatoka. Njiani mkwe akanyoosha kidole kwenye jengo moja akasema "Schule", nami nikashtuka kama aliyeitwa jina. Shule yetu ilitoka kwao, pamoja na hela, iliyokuwa heller, sarafu ya utawala wao kwetu. Tukapanda kivuko cha mto Elbe kwa tiketi ileile ya basi. Nilidhani nitaona kitu kama kivuko chetu cha kwenda Bweni, kumbe mto wenyewe ni bandari, na meli za makontena zinapita karibu kama ghorofa zinazotembea.

"Bibi, meli!" akanivuta ushungi. Akageuza shingo: "Papa, Schiff!" Akarudi kwangu: "Meli!" Hakukosea hata mara moja. Nikataka kumfurahisha, nikasema, "Ndiyo, Schiff." Akanyamaza. Akanikunjia uso, kisha akaniziba mdomo kwa kiganja kilichojaa makombo ya biskuti. "Bibi meli."

Nilimkumbatia hadi akalalamika.

Katika juma la tatu, tukishuka ngazi, jirani mzee alimwambia Moin, naye akajibu Moin. Halafu akageuka, akatazama juu nilipokuwa nashuka taratibu na magoti yangu, akasema, "Kamoo." Ilibidi nishike reli. "Marahaba, mume wangu."

Sasa nimerudi barazani. Jana simu ililia, uso wake ukajaa kioo kizima, pua kwanza. Hakusalimu. Aligonga kioo kwa kidole.

"Bibi," akasema, "toka."